Difu loki: kwa nini fo-wili inakwama huku tairi mbili zimelala

Februari moja, mvua ikiwa imekolea, tulikwama mbele kidogo ya Ipole, wilayani Sikonge mkoani Tabora, kwenye njia ya kwenda Rungwa. Gari lilikuwa Land Cruiser ya zamani ya mkonga, lile bomba la kuvutia hewa juu, ile ya injini ya dizeli ya 1HZ. Nilikuwa nimefanya yote niliyofundishwa: habu za mbele, vile vitovu vya tairi, nimezizungusha kwenye LOCK, fo-wili nimeiweka L4, yaani tairi zote nne kwa gia nzito, gia namba mbili, mafuta kidogo kidogo. Tairi ya nyuma kushoto ikarusha tope mpaka juu ya kabini. Ya mbele kulia nayo ikazunguka. Mzee mmoja aliyekuwa akirudisha maksai nyumbani akasimama. Tukamwamkia, akaitikia, akatazama kwa muda, kisha akauliza: “Wanangu, mbona hizo tairi nyingine mbili zimelala?”

Kumjibu swali hilo ndiyo kueleza maana ya difu loki.

Tuanze na difu yenyewe. Gari linapokata kona, tairi ya nje hutembea njia ndefu kuliko ya ndani. Chukua gari ambalo tairi zake za kushoto na kulia zimeachana mita 1.4. Likikata kona ya nyuzi 90, tairi ya nje hutembea karibu mita 2.2 zaidi ya mwenzake. Likizunguka mzunguko mzima, tofauti inafika karibu mita 8.8. Kama tairi hizo zingefungwa kwenye chuma kimoja kisichogawanyika, moja ingelazimika kuburuzwa katika kila kona, tairi zingelika na vyuma vingekatika. Kwa hiyo katikati ya ekseli huwekwa kile kichwa kikubwa cha chuma unachokiona chini ya gari. Ndani yake pinioni, gia inayoleta nguvu ya injini, inazungusha krauni, ile gia kubwa ya duara, krauni inabeba gia ndogo, na hizo gia ndogo zinaziruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti huku zote zikisukumwa. Wazo hili si la juzi. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, alilitumia kwa gari la mvuke katika miaka ya 1820.

Kwenye lami difu ni rafiki mkubwa. Kwenye tope ndiyo inayokulaza porini.

Wengi husema difu hupeleka nguvu zote kwenye tairi inayoteleza. Usemi huo umeenea kwenye gereji, na kwa macho unaonekana kweli, lakini unapotosha. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, kushoto na kulia, wakati wote. Shida iko hapohapo kwenye usawa. Wafikirie maksai wawili wa yule mzee, nira shingoni, mnyororo wa plau umefungwa katikati ya nira. Wakivuta sawa, nira inakaa sawa na plau inakwenda. Mmoja akiteleza asipate pa kukanyaga, nira inapinda upande, na yule mwenye nguvu hawezi kuvuta zaidi ya alivyovuta mwenzake, kwa sababu hana pa kuegemea. Plau inapata nguvu ya yule dhaifu mara mbili, basi. Difu ni nira ya namna hiyo. Tairi iliyo kwenye utelezi ikihitaji nguvu kidogo sana kuzunguka, ile iliyo pakavu nayo inapata hicho hicho kidogo. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho hubadilishi kitu, unaiongezea kasi tairi inayochimba shimo.

Sasa rudi kwenye fo-wili yangu. Land Cruiser ya aina ile haina difu ya katikati. Ukiingiza H4, ya kasi, au L4, transfa, ile gia boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafunga propela shafti ya mbele na ya nyuma, vyuma virefu vya kupeleka nguvu kwenye ekseli, zizunguke pamoja, kasi moja. Ndiyo maana hairuhusiwi kuitembeza hivyo kwenye lami kavu: kwenye kona mbele na nyuma zinadai njia tofauti, vyuma vinajikaza, usukani unakuwa mzito na mwisho kitu kinavunjika. Lakini kufunga mbele na nyuma hakujafunga kushoto na kulia. Difu ya mbele bado iko huru, ya nyuma bado iko huru. Njia ikipinda vibaya, tairi moja ya mbele ikaning’inia, na ya nyuma ya upande wa pili ikaangukia kwenye ute, kila difu ina tairi moja dhaifu inayoishusha nyingine. Tairi mbili zinazunguka, mbili zimelala. Nilikuwa nalipia fo-wili na kupata nusu yake.

Kwa Land Rover 110, iliyoanza kutengenezwa 1983, na Defender zilizofuata hadi 2016, hali ni kali zaidi ukisahau. Hizo ni fo-wili ya muda wote na zina difu tatu, moja ikiwa kwenye transfa. Hiyo ya katikati ikiachwa huru, tairi moja tu ikiteleza inatosha kuwalaza wote. Kabla ya tope unaifunga kwa ule ule mkono mdogo wa gia ya transfa, ukiusukuma kushoto mpaka taa iwake kwenye dashibodi. Nimewaona watu wakisukuma 110 nzima mbugani bila kuugusa mkono huo. Ukishaifunga umefika pale ilipo Land Cruiser ikiwa L4. Difu za ekseli bado ziko huru. Land Rover za zamani zaidi, 109 na ndugu zake, karibu zote hazina difu ya katikati.

Difu loki ya ekseli, basi, ni kifaa kinachozizuia gia ndogo zisizunguke ndani ya difu. Kipande chenye meno husogezwa kikaunganisha ekseli na kikapu cha krauni, na kuanzia hapo kushoto na kulia ni chuma kimoja. Ni kama kuifunga nira kwa kamba isipinde: maksai aliyesimama pagumu sasa anaweza kuvuta peke yake kwa nguvu zake zote. Kuna zinazosogezwa kwa upepo wa kompresa, kwa waya au kwa mota ndogo ya umeme. Kuna pia difu zenye sahani za msuguano ndani, zinazobana kidogo bila kufunga kabisa. Hizo zinahitaji oili yake maalumu, na zikichakaa zinabaki kuwa difu ya kawaida.

Na kuna ile ya kulehemu, ambapo fundi anazichomelea gia ndogo zisizunguke tena milele. Naipinga kabisa kwa gari linalopita mjini. Kona ya kwanza ya lami utazisikia tairi zikilia, gari litakataa kugeuka, na ekseli itabeba mzigo ambao haikutengenezewa kila siku. Akikuambia ni rahisi, anasema kweli, lakini gharama yake utailipa baadaye.

Ukinunua gari kuukuu, usiridhike na swichi iliyoko kwenye dashibodi. Nimeona swichi zinazowasha taa tu. Weka kuni au mawe kwenye tairi za mbele, inua ekseli yote ya nyuma kwa jeki, kisha egemeza kwenye magogo imara. Injini imezimwa, gia iko ndani, breki ya mkono imeachiwa. Zungusha tairi moja kwa mkono. Ya pili ikizunguka kinyume, difu iko huru. Kisha funga loki na ujaribu tena: tairi zote mbili zinatakiwa zigome. Moja ikiendelea kugeuka kwa uhuru, loki haikushika.

Kwenye Toyota zenye loki ya umeme mara nyingi mgonjwa ni ile mota iliyofungwa kwenye difu. Imekaa chini, inapigwa maji na vumbi, na mwenye gari hajaigusa miaka mitano. Unyevu unaingia, gia zake zinashika kutu, inagoma. Fundi mvumilivu huifungua, akaisafisha, akaitia grisi na sili mpya, na mara nyingi inaamka. Dawa bora ni kuitumia. Kila mwezi tafuta mchanga laini, na Tabora haukosekani, ufunge na kufungua.

Sehemu ya pili inayosahaulika ni kitundu cha pumzi juu ya difu. Ukitembea mwendo mrefu difu inapata joto. Ukiingia mtoni, maji ya baridi yanaipooza ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Kitundu kikiwa kimo ndani ya maji au kimeziba kwa tope, maji yanapita humo au kwenye oili sili. Fungua nati ya oili baada ya safari: ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, imwage leo hii, kwa sababu oili hiyo hailindi tena krauni wala beringi. Mpira mwembamba uliopandishwa kutoka kwenye kitundu hicho hadi kwenye chumba cha injini ni kazi ya saa moja. Watu wanaweka mkonga wa kulinda injini na kuisahau difu inayozama kwanza.

Gari lisilo na loki bado lina ujanja. Kanyaga breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku unatia mafuta polepole. Breki inaipa ile tairi inayoteleza kitu cha kupambana nacho, na kwa kuwa difu hugawa sawa, ile iliyolala nayo inaongezewa. Kwenye gari ambalo breki ya mkono inashika tairi za nyuma, kuivuta kidogo hufanya kazi hiyohiyo. Kwenye Land Rover usijisumbue, kwani breki yake ya mkono hushika propela shafti na haigusi tairi moja moja. Kupunguza upepo nako kunasaidia, hasa kwenye mchanga: kutoka psi 35 kushuka hadi 20 tairi inalala na kukanyaga eneo kubwa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga za Wembere, unaojaza meno ya tairi ukawa kama sabuni, upepo peke yake hautoshi.

Ukiwa na loki, ifunge kabla hujaingia pabaya, gari likiwa limesimama au linatambaa. Ukiifunga tairi moja ikiwa inazunguka kwa kasi, meno yanagongana. Taa ikipepesa, bado haijashika. Sogea kidogo mpaka itulie. Ya mbele iache iwe ya mwisho, kwa sababu ikifungwa usukani unakuwa mzito na gari linataka kwenda moja kwa moja. Na mguu uwe mwepesi, maana sasa nguvu yote inaweza kuishia kwenye ekseli moja, na ekseli ikikatika mbali na barabara ni safari nyingine kabisa.

Sisi siku ile tulitolewa na maksai wanne. Gari lilikuwa na loki ya nyuma, mota yake imekufa, na nilikuwa nalijua hilo tangu Sikonge.

Ukishatoka, ifungue mara moja. Mara nyingine taa inakataa kuzima kwa sababu vyuma vimejikaza. Rudi nyuma mita chache, geuza usukani kidogo kushoto na kulia, na utasikia ikiachia.