Shoti ndani ya kontrola ya sketibodi ya umeme: ni nini hasa, na inazuiwa vipi

Kwa mafundi wa Birere, hapa Goma, karibu kila kilichoungua "kimepiga shoti". Simu iliyoanguka ziwani imepiga shoti. Betri iliyojifia kwa uzee, nayo imepiga shoti. Anayependa Kifaransa atakwambia court-circuit, lakini maana ni ileile: kimekufa, leta pesa.

Maana yenyewe ni finyu kuliko hivyo. Umeme hutoka upande chanya wa betri, hupita kwenye kazi fulani, mfano taa au mota, kisha hurudi upande hasi. Ile kazi ndiyo inayoupunguza mwendo. Shoti ni pale umeme unapopata njia ya mkato isiyo na kazi yoyote. Betri ya sketibodi yenye seli 10 za lithiamu zilizofuatana hufika volti 42 ikijaa. Tuseme ukinzani wa betri pamoja na waya zake ni omu 0.1 tu: shoti hapo huvuta ampea 420. Waya uliozoea kubeba ampea 30 hupata moto kabla mkono wako haujafika kwenye plagi.

Sasa kontrola. Ni kale kasanduku kati ya betri na mota, kanakosikiliza rimoti na kuamua mota ipate umeme kiasi gani. Mota ya sketibodi ina waya nene 3, na kila waya una swichi mbili ndani ya kontrola: ya juu huuunganisha na chanya, ya chini huuunganisha na hasi. Swichi hizo ni transista za aina ya mosfeti, kwa uchache 6 kwa kila mota, na huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kila sekunde.

Tazama vizuri jinsi zilivyokaa. Swichi ya juu na ya chini ziko kwenye mstari mmoja, toka chanya hadi hasi, bila kitu kingine katikati. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, hiyo ni shoti kamili, na hakuna waya hata mmoja uliogusana na mwenzake. Kinachoizuia ni muda tu: kontrola huzima moja, husubiri kidogo, mara nyingi chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, ndipo iwashe nyingine. Mimi nilipolielewa hili niliacha kushangaa kwa nini kontrola zinaungua. Nikaanza kushangaa kwamba zinadumu. Tone la maji kwenye mguu wa kuamrisha mosfeti, au lehemu iliyopasuka, linatosha kuwasha swichi isiyo na zamu.

Na Goma haina huruma na lehemu. Barabara nyingi za mitaa ni mawe ya volkano yaliyosawazishwa kidogo, na chukudu yenyewe, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, pamoja na ubao wake mnene, hulia ikipita hapo. Kontrola iliyofungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye ubao wa sketibodi hupokea kila kishindo. Iweke juu ya sponji ngumu. Zile kapasita kubwa (vihifadhi umeme) zilizosimama kama mikebe zishikize kwa gundi ili zisichezecheze hadi miguu ikakatika.

Halafu vumbi letu jeusi. Majivu mapya ya volkano yakiwa makavu hayapitishi umeme vizuri, lakini yakilowa, chumvi zilizomo huyafanya yapitishe. Kwa hiyo usingoje mvua ije kwanza: fungua kasanduku, piga vumbi kwa brashi laini na kavu, kisha paka bodi vanishi maalumu ya kukinga bodi za umeme. Usipake matundu ya plagi wala upande unaolalia chuma cha kupoza. Na tafadhali, usitumie silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki. Asidi inayotoka ikikauka hula shaba polepole, na utakuwa umenunua ugonjwa kwa pesa yako. Waya zinazoingia kwenye kasanduku zipinde zining'inie kidogo chini ya tundu, ili maji yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kontrola niliyoiunguza mimi haikufa kwa maji wala vumbi. Ilikuwa skrubu. Ya awali ilipotea, nikaokota nyingine iliyofanana, ndefu kwa milimita mbili hivi. Nilipoikaza ilitoboa ule mpira mwembamba wa kijivu unaotenga mosfeti na chuma cha kupoza. Nilipochomeka betri nilisikia mlio mmoja mfupi, kama njugu ikipasuka kikaangoni, na mosfeti mbili zikabaki na mashimo. Tangu siku hiyo napima skrubu kando ya ile ninayoitoa, na vumbi la chuma naliondoa kwanza kwa sumaku, kisha kwa tepu, kwa sababu sumaku haiokoti alumini.

Waya nyembamba za sensa ya mota hubeba volti 5 tu. Zikichubuka na kugusa waya nene, volti 42 huingia hadi kwenye ubongo wa kontrola. Zitenge, kila kundi ndani ya mrija wake.

Fyuzi inasaidia, ila za gari unazopata dukani nyingi zimeandikwa volti 32. Kwenye volti 42 inaweza kukatika huku cheche ikiendelea kuruka ndani yake. Tafuta iliyoandikwa volti 58 au zaidi za umeme wa betri, na uiweke karibu na betri.

Ukishuku shoti, chomoa betri kwanza. Zungusha gurudumu la mota kwa mkono: likikwama kama lina breki, chomoa zile waya nene 3 na uzungushe tena. Likilegea, kosa liko kwenye kontrola. Subiri kapasita zitulie, weka multimita, kile kipima umeme, kwenye alama ya diodi, pima toka kila tundu la waya nene kwenda chanya, kisha kwenda hasi, na ugeuze ncha. Mosfeti nzima husoma karibu 0.5 upande mmoja tu. Ikisoma sufuri pande zote mbili, imekwisha. Usichomeke betri "kuona tu".