Je, wajua kwa nini anayesikia sauti hupimwa malaria kwanza?

Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, haina kipimo. Haionekani kwenye damu, mkojo wala picha ya ubongo. Lakini ukimfikisha hospitali ya Mwanza kijana anayejibizana na watu wasioonekana, huenda akaanza kwa kutobolewa kidole. Daktari anasaka vinavyofanana na skizofrenia: malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, kaswende ya muda mrefu, VVU, kifafa, bangi, au gongo iliyoachwa ghafla siku 2 au 3 zilizopita.

Malaria ya kichwani huja kwa siku chache, na mgonjwa hupotea: hajui leo ni lini, mara anakutambua, mara hakutambui. Mwenye skizofrenia kwa kawaida anajua ni Jumanne na yuko Kirumba. Shida yake ni sauti, pengine za watu wawili wanaomsema: "Huyo, anaamka. Huyo, anakwenda chooni." Na kipimo cha malaria nacho hudanganya, maana baadhi huonyesha mistari miwili hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha. Sauti zikibaki baada ya dawa, mrudisheni.

Hayo yakiondolewa, yanabaki mazungumzo. Dalili ni 5: imani potofu, sauti au maono, maneno yasiyoshikana, mwenendo wa ovyo, na ari kuzimika. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, unataka angalau 2 kwa mwezi 1, mojawapo ikiwa kati ya zile 3 za mwanzo, na tatizo zima liwe limedumu miezi 6.

Imani potofu ndiyo ngumu. Mvuvi anayesema nyavu zake zimerogwa si mgonjwa kwa hilo tu. Majirani zake wengi wataitikia. Akidai kina mama wanaogeuza dagaa mwaloni wanapeana ishara juu yake, na hata hao majirani wakabaki kutazamana, hapo daktari anaiandika kuwa dalili.

Ari kuzimika hupita bila kuonekana, kwa sababu nyumbani huitwa uvivu. Haogi, hacheki, kazi kaacha, mara nyingi kabla sauti hazijaanza. Kwa hiyo ndugu anayemsindikiza aende na tarehe: lini aliacha kazi, lini alianza kukesha, anavuta au kunywa nini. "Alianza zamani" haimsaidii daktari kuhesabu miezi 6.