Kansa ya mapafu na kromatini: jamani, jeni haiwashwi kwa juisi

Wiki hii nimeisikia tena. Dada mmoja kaja na baba yake mgonjwa, ripoti ya biopsi mkononi, kapiga mstari chini ya neno SMARCA4, ananiambia dokta nimesoma hii ni mambo ya epijenetiki, yaani jeni kuwashwa na kuzimwa bila herufi za DNA kubadilika, na epijenetiki inarudishika, kwahiyo nyumbani tumekubaliana mzee apumzishwe dawa kwanza tumuweke kwenye juisi na kufunga miezi mitatu ili jeni zijiwashe upya. Miezi mitatu! Kwa uvimbe wa aina ile miezi mitatu ni mingi mno. Nilikaa nao karibu saa nzima.

Shida ya hii dhana ni kwamba nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndo inayowapoteza watu. DNA ya seli moja ukiinyoosha inafika kama mita 2, na kiini kinachoibeba upana wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Inaenea humo kwa sababu imezungushiwa kwenye protini za histoni, herufi kama 147 kwa kila kifundo kinachoitwa nukleosomu, na nukleosomu zinabanwa au zinalegezwa. Huo mkusanyiko wa DNA na histoni ndo kromatini. Palipobanwa sana jeni haisomwi, palipolegezwa inasomwa. Wanaofanya kazi ya kuzisogeza ni mashine za protini zinazotumia ATP, yaani nishati ya seli, maarufu ni familia ya SWI/SNF, na SMARCA4 ndo jeni inayotengeneza injini ya mashine hiyo, protini yenyewe maabara tunaiita BRG1. Sasa kubana na kulegeza, ndiyo, kunarudishika, seli zako zinafanya hivyo muda huu unavyosoma.

Ila kwa mzee yule kilichoharibika sio mbano, ni mashine. Jeni yenyewe imekatika, herufi za DNA zimebadilika mpaka maelekezo yanaishia katikati, nakala ya pili nayo imepotea, protini haitengenezwi kabisa. Hapo utawasha nini?

Na hili linaonekana kwa macho kwenye darubini. Tukipaka rangi ya BRG1, viini vya seli za uvimbe vinabaki bluu tupu, alafu katikati yake unaona limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, na kuta za mishipa midogo ya damu zimekolea kahawia vizuri kabisa. Mwili uleule, chakula kilekile, damu ileile inapita palepale. Kama shida ingekuwa ni alichokula mzee basi na hizo limfosaiti zingepauka. Nilimwonyesha binti yake picha ya slaidi, akanyamaza kidogo, akasema kumbe.

Kinachofuata mashine ikishakufa ni kwamba zile sehemu za DNA zinazoiambia seli wewe ni wa mapafu zinafungika, alama kama TTF-1, protini tunayoitumia kutambua seli za mapafu, mara nyingi inapotea, seli inasahau kwao na inaanza kusambaa. Ndo maana Shirika la Afya Duniani kwenye uainishaji wake wa 2021 liliutenga uvimbe wa kifua uliopoteza SMARCA4 na kuupa jina lake, wengi wanaoupata wamevuta sigara sana, na mwendo wake ni mkali.

Alafu kuna kitu wauza juisi hawakisemi, kansa nayo inatumia huko kurudishika kwa kromatini. Mwaka 2010 watafiti waliweka seli za kansa ya mapafu zenye mabadiliko ya EGFR, jeni inayoiamuru seli ikue, kwenye dozi kubwa ya dawa ya kuzuia EGFR, karibu zote zikafa, zikabaki chache sana, chini ya 1 katika kila 100, na hizo hazikuwa na mutesheni mpya, yaani herufi za DNA hazikubadilika, zilikuwa zimebadilisha mpangilio wa kromatini tu zikajibana zikisubiri. Dawa ikiondolewa zinaanza kukua, na baada ya muda zinakuwa dhaifu kwa dawa kama mwanzo. Kwahiyo ukiniona nafoka kwa mtu anayeruka dozi kwa sababu CT scan imetoka nzuri, nawaza hizo chache zilizojibana.

Mengine ntayapitia haraka.

"SMARCA4 imekutwa kwenye uvimbe, basi watoto watarithi." Kwenye kansa ya mapafu mabadiliko haya karibu siku zote yametokea ndani ya mapafu yenyewe, hayapo kwenye mbegu wala yai. Ile ya kurithi ipo, ni adimu, na inajulikana zaidi kwa uvimbe wa watoto wadogo na aina moja ya kansa ya ovari kwa wasichana.

"EGFR hasi, ALK hasi, kwahiyo hamna kilichoonekana." Hapana, hizo ni jeni mbili tu kati ya zinazopimwa. SMARCA4 hukutwa imebadilika kwa takriban 10 katika kila 100 ya kansa za mapafu zisizo za seli ndogo, kundi lenye kansa nyingi za mapafu, na mara nyingi inaambatana na jeni majirani zake wa kromosomu 19, STK11 na KEAP1. Soma ripoti mpaka ukurasa wa mwisho.

"Dawa ya epijenetiki ipo mnatuficha." Tazemetostat iliidhinishwa Marekani Januari 2020 kwa sakoma ya epithelioidi, kansa adimu ya tishu laini, sio kwa mapafu. Kwa waliopoteza SMARCA4 wazo lenye mantiki ni kuipiga SMARCA2, jeni pacha wake, maana seli iliyopoteza injini moja inaishi kwa hiyo nyingine, na dawa za namna hiyo zinafanyiwa majaribio. Ukipata nafasi ya kujiunga na jaribio, jiunge.

"Nimeshaugua, kuacha sigara sasa ni kazi bure." Sio bure hata kidogo, wanaoacha baada ya kugundulika wanaishi muda mrefu zaidi kuliko wanaoendelea. Moshi ndo uliokata herufi za DNA, na bado unakata.

Na kila mgonjwa wangu namwambia hivi, kabla hujatoka na ripoti uliza kibloku cha nta kinachohifadhi nyama ya biopsi yako kiko wapi na kimebaki kiasi gani. Kipimo cha BRG1 kinataka kipande chembamba tu, lakini nyama ikishaisha inabidi uchomwe sindano ya kifua upya.