Mfumo wa chama kimoja ni kitu kingine, chama kinachoshinda kila mara ni kingine

Tangu tuanze ziara za elimu ya uraia, kila ukumbi unatupa swali lile lile: nchi ambayo chama tawala ni kile kile miaka nenda miaka rudi, ina demokrasia? Wengine hujijibu kabla hatujashika kipaza sauti.

Mfumo wa chama kimoja ni suala la sheria. Tanzania ilikuwa nao kikatiba tangu 1965 hadi 1992, Sheria ya Vyama vya Siasa, iliyoruhusu vyama vingi, ilipoanza kutumika Julai 1. Tunayaeleza haya kila siku, bado tunaulizwa.

Chama kinachotamalaki, yaani kinachoshinda kila mara, hakihitaji sheria ya kuwafungia wengine mlango. Wapinzani wapo, kura zinapigwa, mshindi ni yule yule. Faida ya dhana hii ni kwamba huishii kuuliza nani kashinda; unauliza anashindaje.

Tazama Botswana. Chama cha BDP kilitawala tangu uhuru, 1966. Mwaka 2014 kilipata asilimia 46.5 tu ya kura, lakini viti 37 vya ubunge kati ya 57, maana wapinzani waligawana kura na jimbo huchukuliwa na anayeongoza. Oktoba 2024 kibao kikageuka kwa kanuni ile ile: kwa takriban asilimia 30 ya kura, BDP iliambulia viti 4 kati ya 61. Chama cha upinzani cha BCP, chenye kura chache kuliko hizo, kilipata 15; muungano wa upinzani wa UDC 36. Rais Masisi wa BDP alikubali kushindwa kabla hesabu haijakamilika, na Duma Boko wa UDC akaapishwa kuwa rais siku hiyo hiyo, Novemba 1.

Sasa atatokea wa kusema, "Kumbe hata hapa Tanzania mambo ni shwari!" Hatujasema hivyo, wala kinyume chake, taasisi yetu haitoi kauli juu ya chama chochote. Tunasema soma kanuni za uchaguzi. Kwetu pia mbunge wa jimbo hupita hata kwa kura moja ya ziada. Viti maalumu vya wanawake ndivyo hugawanywa kwa uwiano wa kura.