Chaza na Wenzake Waliogandama Mwambani: Usiwatambue kwa Nje

Mtu akituletea kombe alilolibandua mwambani, kwa kawaida huanza kwa kutuonyesha mgongo wake: rangi, miiba, makunyanzi. Sisi huligeuza kwanza. Mnyama aliyeishi maisha yake yote amegandama mahali pamoja, umbo lake la nje si la kuaminiwa.

Chaza huanza maisha kama kiluwiluwi kinachoelea majini kwa majuma mawili au matatu hivi. Ukifika wakati wa kutua, hupapasa mwamba kwa mguu mdogo, hutoa gundi, hulaza gamba moja chini, basi. Hahami tena, na mguu wenyewe hutoweka. Kuanzia hapo gamba la chini hukua likifuata kila shimo na kila nundu ya pale alipotua. Na kwa kuwa ukingo wa gamba la juu sharti ukutane na ukingo wa lile la chini, la juu nalo huiga. Akitua juu ya kombe lenye matuta, matuta yale yale huchomoza mgongoni mwake, ingawa gamba la juu halikuligusa kombe hilo hata mara moja. Akitua kwenye mzizi wa mkoko, huukumbatia. Ndugu wawili wa spishi moja wanaweza kuonekana kama hawajuani.

Ndani ndiko kwenye ukweli. Tuanze na chaza wenyewe, familia ya Ostreidae. Katika pwani ya Afrika Mashariki anayejulikana zaidi ni Saccostrea cucullata, yule anayeonekana kama mkanda wa kijivu kwenye majabali maji yakipwa, na ambaye kina mama humvunjia pale pale mwambani. Jina hilo alipewa na Ignaz von Born mwaka 1778, ingawa uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba limebeba spishi zaidi ya moja. Amegandama kwa gamba la kushoto, lenye kina kama kikombe. La kulia ni kifuniko tu. Bawaba yake, yaani pale magamba mawili yanapoungana, haina meno. Ndani kuna kovu moja la msuli, kwa sababu msuli wa kufunga magamba ni mmoja. Pitisha kidole ukingoni mwa kifuniko: utahisi vipele vidogo, na gamba la chini lina vishimo vya kuvipokea.

Chaza wa miiba, Spondylus, naye ana kovu moja, lakini amegandama kwa gamba la kulia. Huyu kwa nasaba si chaza. Yuko karibu zaidi na skalopu, na kama wao ana safu ya macho madogo ukingoni mwa joho lake, ile ngozi laini inayolala ndani ya magamba. Bawaba yake ina meno mawili makubwa katika kila gamba, yanayoingia katika mashimo ya gamba la pili na kujifungia humo, hata mara nyingi huwezi kuyatenganisha bila kuvunja kitu.

Halafu kuna jenasi Chama. (Ndiyo, tunaye Chama na tunaye Sacco, na hakuna anayekopesha.) Chama ana makovu mawili ya misuli, moja kila upande, na kilele cha gamba lake hujikunja. Amegandama kwa kushoto. Pseudochama, anayefanana naye kama taswira ya kwenye kioo, amegandama kwa kulia. Kwa hiyo ukiona makovu mawili, futa neno chaza katika daftari lako.

Linnaeus mwenyewe, aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya wanyama, alijikwaa hapa. Mwaka 1758 aliliweka kombe kubwa kuliko yote, ambalo leo tunaliita Tridacna gigas, ndani ya Chama. Leo limo katika familia nyingine, Cardiidae. Kugandama nako si ushahidi wa undugu, maana tabia hiyo imezuka mara nyingi, katika koo mbalimbali. Faida yake mojawapo ilijaribiwa na mtafiti Elizabeth Harper, aliyechapisha matokeo mwaka 1991: kome waliobandikwa kwa gundi walishambuliwa kidogo na kaa na viti vya pwani (samaki-nyota) kuliko waliojishikiza kwa nyuzi zao tu. Adui anataka windo analoweza kuligeuza.

Chaza lulu, Pinctada, hayumo kabisa katika hesabu hii. Yeye hujishikiza kwa nyuzi, wala hajajibandika.

Ombi moja kwa wanaotuletea vielelezo. Ukimbandua mnyama wa aina hii kwa kisu, gamba la chini hubaki mwambani na wewe huondoka na kifuniko, na masanduku yetu yamejaa vifuniko. Piga picha kwanza akiwa mahali pake, kisha tafuta aliyekwisha kufa juu ya jiwe dogo au kipande cha tumbawe kilichovunjika, ulete na jiwe lake.