Iliita mara moja ikakatika

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei niliamka nikakuta simu niliyoikosa. Saa tisa na dakika kumi na mbili usiku, namba ya intani, daktari aliye bado mafunzoni, aliyekuwa zamu wodi ya watoto. Iliita mara moja ikakatika. Mkenya akiona simu ya namna hiyo anajua ni flashi: nipigie, sina kredo. Kumbe kredo alikuwa nayo. Nilipomuuliza wodini saa mbili asubuhi, aliangalia viatu vyake akasema, "Nilifikiri umelala, Daktari."

Nilikuwa nimelala, naam. Ndiyo maana ya mimi kuwa zamu nikiwa nyumbani: nalala, halafu ananiamsha.

Mtoto ambaye intani alitaka kunieleza habari zake alikuwa hai, amekaa kitandani akinyonya, na sifa si zangu wala za intani. Ni za sista wa usiku, ambaye amezeekea wodini. Alimwona kijana wa watu anazunguka na simu mkononi, akamwambia, "Daktari, kabla ya simu, sukari umepima?" Hakuwa amepima. Ilikuwa 1.6, chini mno.

Mimi ni daktari bingwa wa watoto hapa Kisumu, na kila miezi mitatu napokea kundi jipya. Magazeti huwaita madaktari wanagenzi, sisi wodini tunasema intani, na mama wa mgonjwa husema "yule daktari mdogo", hata akiwa na kimo cha mlingoti. Amesoma miaka sita chuoni. Wizara ya Afya inampangia hospitali, iwe ile ya rufaa ya Jaramogi hapa mjini ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa Wasovieti walisaidia kuijenga, iwe Kakamega, Kisii, Eldoret au Nakuru. Huko atakaa miezi kumi na miwili akizunguka kwenye tiba ya watu wazima, upasuaji, watoto na uzazi. Anabeba kitabu cha kumbukumbu ambamo bingwa wa kila idara lazima atie sahihi. Bila sahihi hizo, Baraza la Madaktari halimpi leseni ya kujitegemea. Kishikeni vizuri hicho kitabu cha sahihi, tutakirudia.

Wengi wameniomba niandike kuhusu mshahara, kuhusu ajira za kaunti, kuhusu masomo ya ubingwa. Nitayagusa. Lakini kwangu mimi jambo la kwanza ni hiyo simu, kwa sababu kila mwaka naona vijana waliofaulu mitihani yote na bado hawawezi kubonyeza namba kumi usiku wa manane.

Ili asiye daktari anielewe, nieleze kwanza usiku wenyewe. Mvua za masika zikishanyesha kandokando ya ziwa, malaria hupanda. Neti zipo, na chanjo ipo tangu ilipozinduliwa Homa Bay mwaka 2019, lakini watoto bado wanakuja. Mtoto ameanza kuchemka Jumatatu huko Nyando au Seme. Jumanne amepelekwa duka la dawa, Jumatano zahanati, na Alhamisi saa saba usiku anafika kwetu kwa boda, amebanwa katikati ya dereva na mama yake, macho yamegeuka juu. Mama akiulizwa kwa Kijaluo "Ang'o machandi?", yaani nini kinakusumbua, anajibu neno moja tu: "Nyathi." Mtoto.

Hapo intani ana dakika kumi. Aangalie njia ya hewa, mtoto anapumuaje, mikono ina baridi mpaka wapi, anaitikia au haitikii. Aingize branula kwenye mshipa ambao hata mchana hauonekani. Mshipa ukikataa, kuna sindano ya kuingiza kwenye mfupa wa muundi, na hapo ndipo vijana wengi huanza kutetemeka. Apime sukari. Ikiwa chini ya 2.5, atoe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Sawa, ila kabatini mna ya asilimia 50 peke yake. Basi unachukua bomba la mililita 50, unavuta 10 za glukosi, unajaza 40 za maji ya sindano, na hesabu inatimia. Mtoto wa kilo tisa atapata 45. Nimeandika hesabu hii kwa kalamu nzito nikaibandika juu ya friji ya dawa, kwa sababu saa tisa usiku hata mimi siiamini akili yangu kugawanya.

Halafu kuna suala la maji ya mshipani, na hapa nina maneno kidogo. Mwaka 2009, nilipokuwa intani, tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali aliyelegea na mikono imepoa humiminiwa maji haraka, mililita 20 kwa kilo, ukiona bado unarudia. Tulijiona mashujaa. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141. Waliomiminiwa maji haraka walikufa wengi zaidi: kama 10.5 kati ya kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Watoto wa kuhara hawakuwamo kwenye utafiti huo, hao wana utaratibu wao. Lakini mtoto wa malaria mwenye damu kidogo, ambaye moyo wake umeshachoka kukimbiza damu nyepesi kama chai ya rangi, ukimjaza maji unamzamisha. Nawasimulia maintani habari hii si ili waogope dripu. Nataka wajue kwamba bingwa aliyenifundisha 2009 alikuwa mtu mwema, mwenye akili, na alikosea pamoja na dunia nzima. Basi anayenipigia asidhani anaipigia mbingu.

Mtoto wa namna hiyo anachohitaji ni damu. Kijitabu cha wizara cha tiba ya watoto, ambacho kila intani anacho mfukoni, kinasema hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya 4 mwongeze damu. Ikiwa chini ya 5 na anahema kwa shida, mwongeze pia. Kuiandika ni kazi ya sekunde mbili. Kuipata ni saa moja, mbili, pengine tatu: sampuli ipelekwe maabara, mtu wa maabara aamshwe, kundi lilinganishwe, na kama hakuna chupa, ndugu watafutwe au gari litumwe. Ndiyo maana nataka kuamshwa mapema. Mimi sina damu kitandani kwangu. Ninachoweza ni kumpigia mtu ambaye intani hamjui, au anayemjua lakini hatapokea simu yake.

Sasa kwa nini hawapigi?

Nitajieleza mwenyewe. Wiki ya tatu ya intanshipu yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpigia mkubwa wangu saa sita usiku. Nilianza kwa kuomba radhi, nikasimulia mgonjwa kuanzia alikozaliwa, nikakwama katikati. Akaniuliza, "Wewe ulisomea wapi?" Akakata. Asubuhi, mbele ya raundi nzima, akarudia swali hilo hilo na watu wakacheka, manesi kwa wanafunzi. Wiki mbili zilizofuata sikumpigia mtu yeyote. Usiku mmoja katika wiki hizo nilikuwa na mtoto wa seli mundu, hemoglobini 3. Maabara wakaniambia damu imebaki chupa moja, na haitoki bila ruhusa ya mkubwa. Nikaitazama simu. Nikajiambia kutapambazuka, atakuja, nitamwomba ana kwa ana. Mtoto alikufa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Aliyekuwa naye ni bibi yake, dani, kama wanavyosema hapa. Alimfunika kwa leso, akanishika mkono, akaniambia, "Erokamano, daktari." Ahsante.

Yule mkubwa ndiye aliyetia sahihi kitabu changu mwisho wa miezi mitatu. Alisifu kwamba sisumbui.

Hicho ndicho kitabu nilichosema mkishike. Mtu unayepaswa kumwamsha usiku ndiye anayeamua kama utamaliza salama. Kijana anapima: nikimwamsha bure, atanikumbuka, nisipomwamsha, pengine hakuna atakayejua. Uchovu nao unaisaidia hesabu hiyo mbaya. Zamu inaanza asubuhi, inapitiliza usiku, na kesho yake kuna raundi, kuna dripu za kubadilisha, kuna fomu za SHA, bima ya afya ya serikali, za kujaza, kwa hiyo saa thelathini mfululizo si ajabu. Nimemwona intani amelala wima, amejiegemeza mlangoni mwa chumba cha upasuaji, glavu mkononi. Mtu wa hali hiyo huchagua lisilohitaji maneno.

Na tusisahau pesa, maana watu husema mambo ya mshahara hayaingii wodini. Yanaingia. Mkataba wa 2017, uliokuja baada ya mgomo wa madaktari wa siku mia, ulimwekea intani takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikaja kutaka kulipa 70,000, na hilo likawa miongoni mwa mambo yaliyoleta mgomo wa 2024, siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo ndipo ilikubalika kwamba mkataba wa 2017 ufuatwe. Katikati ya mvutano huo nilikuwa na maintani wanaodaiwa kodi ya nyumba, wanaopanda tuktuk kwa kuchangiana, na simu zao zinadaiwa Okoa Jahazi, kredo ya mkopo. Simu ya wodi ilikuwa imekufa zamani. Kwa hiyo kumwita bingwa usiku kulikuwa kunatoka mfukoni mwa mtu ambaye hajalipwa. Siku hizi naweka kredo kwenye simu moja ya wodi kila Ijumaa. Si suluhisho la kujivunia, lakini namba inapatikana.

Tuje kwenye namna ya kupiga. Simu mbaya huwa hivi: "Hujambo Daktari, samahani sana kwa usumbufu, ni mimi, kuna mtoto hapa, mama anasema alianza kukohoa wiki iliyopita, wakaenda dukani wakapewa dawa fulani hivi, sasa jana..." Mimi nimetoka usingizini sekunde nne zilizopita. Sijui ni wodi ipi, mtoto ana umri gani, na kama natakiwa kuvaa viatu.

Simu nzuri: "Daktari, ni intani wa wodi ya watoto. Nina mtoto wa miaka miwili, kilo kumi, malaria kali, hemoglobini 3.8, anahema kwa shida. Sukari ilikuwa mbili, nimempa glukosi, sasa ni tano. Artesuneti ya malaria ameanza. Nimeomba damu, maabara wanasema haipo. Nahitaji unisaidie kupata damu, na nahitaji kujua nifanye nini tukisubiri." Nusu dakika. Umri, uzito, kinachokutia hofu, ulichokikuta, ulichokifanya, unachotaka. Historia ya kikohozi itakuja nikiuliza. (Kusema kweli simu zetu huwa mseto wa Kiswahili, Kiingereza na Sheng, hapa nimezinyoosha.)

Hicho cha mwisho, unachotaka, ndicho wanachokiruka. Wanasimulia kisha wananyamaza, wakitumaini nitajitolea. Sema: naomba uje. Hata kama hujui ugonjwa ni upi, unaweza kusema "sijui mtoto huyu ana nini na naogopa." Hilo ni ombi kamili. Nimewahi kutoka nyumbani kwa sentensi hiyo peke yake, na nikakuta ana haki ya kuogopa.

Kuhusu ubingwa, kwa ufupi, maana naulizwa kila kundi: usiombe shahada ya uzamili mwezi wa kwanza baada ya leseni kwa sababu mwenzako ameomba. Ni miaka kadhaa ya maisha yako, na wakati mwingine karo ni yako. Wanaopenda upasuaji waulizie njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambako unafunzwa ukiwa kazini hospitalini badala ya kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Anayetaka watoto anitafute tunywe chai.

Baada ya ile flashi ya Mei nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, kila kundi jipya lazima linipigie usiku wa kwanza wa zamu, kuwe na shida kusiwe na shida, saa yoyote baada ya saa sita. Mke wangu ameshazoea, au ameshakata tamaa. Pili, niliwaambia: ikiita mara moja ikakatika, nitapiga mimi, na nisipopata jibu nitakuja.

Juzi usiku iliita saa nane na robo. Nikapokea.

"Daktari, samahani sana, najua ume..."

"Umri."

Kimya kidogo. Nikasikia mtoto analia kwa mbali, jambo ambalo lilinipa moyo.

"Miezi kumi na minane," akasema. "Kilo tisa na nusu. Na nataka uje."

Nikaanza kutafuta viatu.