"Punguza baudi tu, itaingia": dhana potofu kuhusu kutuma programu kwenye kontrola za zamani za CNC

Ushauri huu umezunguka karakana nyingi mno zenye mashine za CNC, zile zinazoongozwa na kompyuta yao ya ndani, yaani kontrola. Programu ikikatika katikati ya kutumwa, shusha baudi, yaani kasi ya biti kwa sekunde, kutoka 9600 hadi 4800. Ikigoma, nenda 2400. Ikigoma tena, 1200. Siku ikipokea, watu wanapumua, namba inaachwa hapo kwa miaka, na kila opereta mpya anaambiwa kwamba mashine hii ni nzito. Mashine si nzito. Inaomba kompyuta isimame kidogo, na kompyuta haisikii. Hilo ndilo la kutengeneza, na baudi haihusiki nalo.

Hapa nachukua kontrola za Fanuc za familia ya 16, 18, 21 na 0i kama mfano, kwa kuwa zimejaa kwenye mashine za milingi za umri huo. Kontrola nyingine zina majina na namba tofauti, lakini poti ya kupitisha data ni ileile RS-232 na kasoro ni zilezile.

Dhana: Ikikatika katikati, kasi ni kubwa mno

Kontrola ikipokea karakta huziweka kwanza kwenye bafa (hifadhi ndogo ya muda), kisha huzihamisha kwenye kumbukumbu kadiri inavyoweza. Bafa ikikaribia kujaa, inatuma DC3, karakta namba 19 ya ASCII (orodha ya namba za karakta): simama. Nafasi ikipatikana inatuma DC1, namba 17: endelea. Ndiyo XON/XOFF, na ndiyo breki pekee iliyopo. Fanuc ikishaomba kusimama haina subira: kompyuta ikiendelea na kupitisha karakta 10, unapata alamu 087 na upokeaji unakoma. Kumi ni chache sana. X12.345Y-6.78 peke yake ni 13.

Sasa kwa nini kushusha kasi kunaonekana kusaidia? Data ikija polepole, kontrola inaihifadhi upesi kuliko inavyofika. Bafa haijai, DC3 haitumwi, na breki mbovu haipati nafasi ya kujulikana kuwa ni mbovu. Umeendesha gari lisilo na breki kwenye tambarare, basi.

Mlima unakuja siku ya DNC, pale programu ni kubwa kuliko kumbukumbu na mashine inalishwa huku inakata. Hapo anayeamua kasi ya kutumia data ni kisu, si poti. Kisu kikiwa kwenye mstari mrefu, bafa inajaa na DC3 inatumwa, uwe kwenye 9600 au 1200. Kushusha baudi hapo hakuponyi kitu, na kunaleta tatizo la pili. Piga hesabu: kwa biti 7 za data, biti moja ya pariti (ya kukagua makosa), biti 2 za kumalizia na ile ya kuanzia, kila karakta inachukua biti 11. Kwenye 9600 zinapita karakta 872 kwa sekunde. Bloku (mstari mmoja wa programu) ikiwa na karakta 20, hizo ni bloku 43 kwa sekunde. Kama CAM (softiwea inayotengeneza programu) imekata uso kwa vipande vya milimita 0.1, kisu kinaweza kwenda takribani milimita 260 kwa dakika, si zaidi, hata uandike F2000 (milimita 2000 kwa dakika). Ukiwa kwenye 2400 unabaki na 65. Kisu kinasimama, kinasubiri bloku, kinaondoka, kinasimama tena, na kila kituo kinaacha alama kwenye uso wa kazi. Kisha spindo inalaumiwa.

Kwa hiyo itafute DC3 inapopotelea. Mahali ni pachache.

Anza na softiwea ya kutumia. Udhibiti wa mtiririko uwe XON/XOFF. Ikiwa umewekwa "hakuna", jibu umelipata. Ikiwa ni RTS/CTS, yaani breki ya kupitia nyaya zake badala ya karakta, angalia kebo: kebo nyingi za CNC zina jampa (kipande cha waya kinachounganisha pini) kati ya pini 7 na 8 upande wa kompyuta, yaani kompyuta inajijibu yenyewe kwamba mashine iko tayari, saa zote. Kuchagua RTS/CTS kwenye kebo ya namna hiyo ni kuchagua kutosimama kabisa.

Kisha waya wa kurudi. Kutuma programu kunahitaji waya mmoja tu wa data, ule wa kutoka kompyuta kwenda kwenye mashine. Waya wa kutoka mashine kwenda kwenye kompyuta ukikatika, na softiwea haijawekwa kusubiri DC1 ndipo ianze, programu fupi zinaingia bila shida na ndefu zinakufa. Watu wanasema "kebo ni nzima, mbona fupi zinaingia?" Kipimo ni rahisi: toa programu kwenye mashine, uipokee kwenye kompyuta. Isipofika, waya ni huo.

La tatu linawapita hata mafundi wazuri, kwa hiyo liangalie kwa makini. Kontrola inatuma DC3 kwa biti 7 na pariti shufwa. DC3 kwa namba za biti ni 0010011: moja ziko tatu, kwa hiyo biti ya pariti inakuwa 1 ili zitimie nne. Kompyuta ikiwa imewekwa biti 8 bila pariti, inaihesabu ile pariti kama data na kusoma 147 badala ya 19. Haiitambui, inaendelea kumimina. DC1 je? Ni 0010001, moja ziko mbili, pariti ni 0, inasomeka 17 kama kawaida. Yaani kompyuta inasikia "endelea" na haisikii "simama". Palipo na mpangilio unaoiruhusu data kuingia bila pariti kukaguliwa, kila kitu kinaonekana sawa mpaka bafa ijae. Weka 7, shufwa, 2 pande zote, na usikubali "8 na hakuna" eti kwa sababu kuna kitu kimeingia.

Mwisho, chipu ya poti. Poti za kompyuta za aina ya 16550A zina foleni ya karakta 16 za kutoka. Softiwea ikisimama kwa wakati, zile ambazo tayari ziko kwenye foleni zinaondoka tu, na 16 ni zaidi ya 10. Kwenye Windows fungua Kidhibiti cha Vifaa, ingia kwenye mipangilio ya juu ya poti ya COM, shusha bafa ya kutuma hadi mwisho wa chini. Kwa adapta za USB kuna kuchelewa pia: chipu za FTDI, zisipobadilishwa, zinaweza kukaa na data chache hadi milisekunde 16 kabla ya kuipeleka kwenye kompyuta. Kama ni softiwea inayosubiri kuisoma DC3, kwenye 9600 muda huo unatosha karakta 14 kupita. Shusha namba hiyo hadi 1 au 2 kwenye mipangilio ileile. Adapta yenye chipu bandia achana nayo, usipoteze siku nzima kuibembeleza.

Ukimaliza haya manne, rudisha 9600 na utume programu ndefu kuliko zote ulizonazo. Programu fupi haithibitishi kitu.

Dhana: Plagi ikiingia, kebo ni sahihi

Kebo ya pini 9 kwenda 25 iliyotengenezwa kwa ajili ya modemu inaingia vizuri kabisa kwenye mashine na haitapitisha hata karakta moja, kwa sababu inaunganisha kusikia na kusikia, kutuma na kutuma. Kinachochanganya ni namba: kwenye plagi ya pini 9 ya kompyuta, 2 ni kusikia na 3 ni kutuma, kwenye plagi ya pini 25 ya mashine, 2 ni kutuma na 3 ni kusikia. Kwa hiyo kebo iliyovukishwa sawasawa, kutuma kwenda kusikia, ndiyo hii inayoonekana imenyooka:

kompyuta 2 kwenda mashine 2
kompyuta 3 kwenda mashine 3
kompyuta 5 kwenda mashine 7 (graundi)
upande wa mashine: jampa 4 na 5, jampa nyingine 6, 8 na 20
upande wa kompyuta: jampa 7 na 8, jampa nyingine 1, 4 na 6

Lehemu mwenyewe. Nyaya tatu na wavu wa kinga, wavu ufungwe upande mmoja tu, na plagi uifunge kwa skrubu zake. Usitumie kebo ya nyaya 25 iliyonyooka. Pini 25 kwenye poti ya Fanuc ina volti 24, iliwekwa kulisha visomeo vya utepe na vifaa vya diski. Kwenye kompyuta ya zamani yenye poti ya printa ya pini 25, pini hiyo ni graundi. Hapo umefanya shoti.

Urefu: mita 15 ni kipimo salama, na kebo isilale pamoja na nyaya za mota ya spindo. Zikibidi kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Dhana: Alamu 086 maana yake poti imekufa, agiza bodi

Haina maana hiyo. 086 inasema kontrola haioni ishara ya DR (kifaa cha upande wa pili kiko tayari), pini 6. Jampa ya 6, 8 na 20 haipo au imeachia, au parameta 102 imewekwa 3, inayongoja kifaa cha diski cha Fanuc badala ya kompyuta. Kwa kompyuta weka 0. Hakikisha pia parameta 20 inaelekeza kwenye poti uliyochomeka (0 na 1 ni poti ya kwanza), na 103 ni 11 kwa 9600 au 10 kwa 4800. Ukipata 085 badala ya 086, hizo ni biti au baudi zisizolingana: data inafika, haisomeki.

Kabla ya kutamka neno bodi, chukua mita ya kupimia volti. Mashine ikiwa imewashwa na kebo haijachomekwa, pima pini 2 dhidi ya 7. Poti hai inatoa volti hasi, kawaida kati ya 5 na 12. Fanya vivyo hivyo upande wa kompyuta, 3 dhidi ya 5. Ukipata sifuri upande mmoja, hapo ndipo pa kuhangaikia. Upande wa kompyuta unaweza pia kuunganisha 2 na 3 kwa kipande cha waya na kuandika kwenye dirisha la teminali, huku udhibiti wa mtiririko umezimwa: kila unachoandika kikirudi, kompyuta na adapta ni nzima.

Dhana: Inakatika palepale kila mara, kwa hiyo kebo imeachia

Kebo iliyoachia haichagui mstari. Inayokatika palepale ni kumbukumbu iliyojaa, nayo ina alamu yake, 070. Uwezo wa kontrola hizi huandikwa kwa mita za utepe, na inchi moja ya utepe ina karakta 10. Mita 80 ni karibu karakta 31,500 tu, nazo ni kwa programu zote kwa pamoja. Futa za zamani, ondoa nafasi na namba za mistari za N, au tumia DNC. Ikiwa ni 073, namba ya programu (ile ya O) tayari ipo.

Dhana: Faili iliyofunguka kwenye kompyuta ni faili nzima

Neno LSK likimeta bila kuisha kwenye skrini ya kontrola, mashine inangoja mwisho wa bloku ya kwanza na haujaupata. Faili ianze na % peke yake kwenye mstari, kisha O na namba, na imalizike na %. Ile ya mwisho ikikosekana, mashine inakaa ikisubiri kana kwamba programu haijaisha. Herufi ndogo, tabu, nukuu zilizopinda na herufi zenye alama ndani ya maelezo ya mabano zote ziondoe. Hifadhi kama maandishi matupu ya ASCII, si UTF-8 yenye alama ya mwanzo.

Na kwa kontrola usiyoifahamu, toa kwanza programu moja fupi kutoka kwake. Itakuonyesha yenyewe inavyoandika na biti zake ni zipi, kisha irudishe hiyohiyo. Unaokoa nusu siku.

Dhana: Ni kama USB, chomeka wakati wowote

Hili linaua poti kweli. Chaja isiyo na ethi huacha laptopu ikielea kwa volti nyingi, na pini ya kwanza kugusana, ikiwa si ya graundi, ndiyo inayobeba mkondo wote kupitia chipu ya poti. Zima mashine, zima kompyuta, chomoa chaja, chomeka kebo, kaza skrubu, kisha washa. Kama kompyuta na mashine hazina ethi moja, weka kitenganishi cha optiki kati yao, na laptopu itumie betri yake wakati wa kutuma.